Nani Atakitoa? Kijiti, Kibaha na Safari Iliyopitia Turku

Mwaka 1963 serikali changa ya Tanganyika ilikubaliana na nchi nne za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmark, Ufini, Norwei na Uswidi, kujenga kituo kikubwa kando ya Barabara ya Morogoro, kilomita zipatazo 40 kutoka Dar es Salaam. Ndani ya eneo moja kungekuwa na shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma ya afya, mambo ambayo nchi ile iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru iliyahesabu kuwa ya kuanza nayo. Tarehe 10 Januari 1970 Wanordiki walikabidhi kila kitu kwa Watanzania, na mradi wao ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo cha afya kilikua hadi kikawa Hospitali ya Tumbi. Mji wa Kibaha nao ukajaa pembeni, Maili Moja, Mkuza, Picha ya Ndege, Tangini, ukaacha kuwa kituo cha njiani na kuwa makao ya mkoa wa Pwani.

Naanza na nchi hizo kwa sababu tatu kati yake zinarudi mara kwa mara katika historia nyingine, ndefu zaidi, ya vitu ambavyo binadamu amekubali viwekwe ndani ya mwili wake na kubaki humo. Swali la kama watu watakubali mitambo chini ya ngozi linaulizwa siku hizi kama swali la kesho. Wanaoliuliza wanafikiria vipande vya kompyuta kwenye ubongo na funguo za nyumba ndani ya kiganja. Kwa mama wa Tangini anayesubiri zamu yake kwenye benchi la zahanati, swali hilo ni la jana. Dada yake ana kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Jirani yake alikuwa nacho akakitoa. Shemeji yake, dereva wa bodaboda, ana chuma ndani ya mfupa wa paja. Hakuna aliyewaita watu wa ajabu, na hakuna aliyeandika makala juu yao. Kwa hiyo historia yao inafaa iandikwe kwa utaratibu, maana ina jibu ambalo wanaotabiri mambo ya kesho hawajalitafuta.

Kupitisha kitu kwenye ngozi ili kimlinde mwenye mwili hakukuja na meli wala ndege. Uzaramoni, kuanzia vijiji vya Kisarawe hadi pwani ya Bunju, chale zilikuwepo kabla ya zahanati. Mganga huchanja kwa wembe mistari midogo, kisha husugua dawa ya unga mpaka iingie. Dawa hubaki ndani, alama hubaki nje. Mfini mmoja, Marja-Liisa Swantz, aliishi na Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960, akaandika juu ya ibada zao, hasa malezi ya mwali anayewekwa ndani na kufundishwa na kungwi. Kitabu chake cha mwaka 1970 bado ni hazina kwa anayetaka kujua jinsi mwili wa mwanamke wa Kizaramo ulivyokuwa ukisimamiwa na watu wanaojulikana kwa majina: bibi, shangazi, kungwi, somo. Nalitilia mkazo hilo. Dawa ya chale iliaminiwa kwa sababu aliyeitia alikuwa mtu wa kijiji, na mambo yakiharibika mlango wake ulijulikana.

Miaka mitano kabla ya mkataba wa Kibaha, tarehe 8 Oktoba 1958, madaktari wa Stockholm walifanya jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanyika popote. Mgonjwa aliitwa Arne Larsson. Moyo wake ulikuwa ukisimama mara nyingi kwa siku, na kila ukisimama alizimia. Mke wake, Else-Marie, ndiye aliyewafuata mhandisi Rune Elmqvist na daktari mpasuaji Åke Senning, akawasihi wamtengenezee mumewe kifaa cha kuusukuma moyo kwa umeme, kikae ndani ya mwili. Walimwambia hakipo. Aliendelea kuja. Elmqvist aliunganisha betri na transista chache, akazimiminia plastiki ngumu ndani ya kopo la dawa ya viatu, la Kiwi, lile lile ambalo kila mtoto wa shule wa Tanzania amewahi kulifungua. Kifaa cha kwanza kilifanya kazi saa chache tu. Cha pili kilifuata. Kabla hajafariki mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 86, Larsson alikuwa ametumia vifaa 26 kwa jumla, na aliwazika mhandisi na mpasuaji waliomwokoa.

Angalia nani alikubali katika kisa hicho, na kwa nini. Larsson hakuvutiwa na uhodari wa mashine. Alikuwa anakufa, mkewe alikuwa amegoma kukubali afe, na waliotengeneza kifaa walikuwa karibu naye, tayari kumfungua tena kilipokwama. Alifunguliwa mara nyingi.

Kijiti kinatokana na moyo pia, ingawa wengi wa wanaokitumia hawana sababu ya kulijua hilo. Mapema katika miaka ya 1960 madaktari wawili vijana wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, Judah Folkman na David Long, walikuwa wakitafuta namna ya kuutibu moyo unaopiga taratibu mno. Badala ya umeme, walitaka dawa inayotoka kidogo kidogo ndani ya mwili kwa muda mrefu. Waligundua kwamba mpira wa silikoni, ukitiwa dawa ndani na kuzibwa, huipenyeza dawa hiyo polepole kupitia ukuta wake. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1964. Miaka miwili baadaye, huko New York, Sheldon Segal wa shirika la Population Council na Horacio Croxatto kutoka Chile walitoa wazo kwamba mrija kama huo ungeweza kubeba homoni ya kuzuia mimba, ukawekwa chini ya ngozi ya mwanamke na kumtosha kwa miaka.

Wazo lilikuwa la 1966. Ilichukua miaka 17 ya majaribio, Chile na kwingineko, kupata mirija sita midogo iliyopewa jina Norplant. Kampuni iliyokubali kuitengeneza ilikuwa Leiras ya mji wa Turku, Ufini, na nchi ya kwanza kuiidhinisha, mwaka 1983, ilikuwa Ufini hiyo hiyo. Marekani ilifuata Desemba 1990. Baadaye mirija sita ilipunguzwa ikawa miwili, Jadelle, ikiendelea kutengenezwa Turku hata baada ya kiwanda kuingia mikononi mwa kampuni ya Kijerumani, Bayer. Waholanzi wa Organon nao walitoa kijiti kimoja tu, Implanon, chenye urefu wa sentimeta 4 na unene wa milimita 2. Hiki kiliidhinishwa kwa miaka mitatu, Jadelle kwa miaka mitano.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Homoni inayotoka huzuia yai lisipevuke, na ute wa mlango wa kizazi huwa mzito kiasi kwamba mbegu za mwanamume hazipiti. Mtoa huduma huchoma ganzi upande wa ndani wa mkono ambao mama hautumii sana, huingiza sindano pana, husukuma kijiti, kisha hufunga bandeji. Dakika chache zimeisha. Mama akipapasa kwa kidole anakisikia. Kukitoa ndiyo kazi: ganzi tena, mkato mdogo, kukisukuma kuelekea kwenye mkato, kukikamata kwa koleo. Kikiwa kimewekwa juu juu vizuri, ni dakika chache nyingine. Kikiwa kimezama kwenye nyama, inahitaji mikono yenye ujuzi, na pengine kifaa cha kukitafuta. Kila kitu ninachosimulia kuanzia hapa kinategemea tofauti hiyo kati ya kuweka na kutoa.

Tanzania ilikuwa na uzazi wa mpango kabla ya kuwa Tanzania. Mwaka 1959 kilianzishwa Dar es Salaam chama ambacho baadaye kilijulikana kama UMATI. Mwaka 1969, akiwasilisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere aligusia suala la wazazi kufikiria idadi ya watoto wanaoweza kuwalea vizuri, na kwa wakati ule, katika nchi yenye ardhi tele na watu wachache, halikuwa jambo jepesi kwa rais kulisema. Hata hivyo ilibidi kusubiri hadi 1989 ndipo ulipoanza mpango wa taifa. Baadaye ikaja alama ya Nyota ya Kijani, iliyobandikwa milangoni mwa zahanati ili mama ajue humo ndani huduma ipo. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 1991 na 1992 ulionyesha wanawake walio kwenye ndoa waliotumia njia yoyote ya kisasa hawakuzidi 7 kati ya 100.

Kilichoshinda kwanza kilikuwa sindano ya miezi mitatu, na sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyeishi nyumba ya kupanga yenye shemeji na mama mkwe. Vidonge vinaonekana, sindano haionekani. Mama anakwenda kliniki na mtoto, anachomwa, anarudi. Kijiti, kilichokuwa ghali na chenye wajuzi wachache wa kukiweka, kilibaki nyuma kwa muda mrefu. Hata mwaka 2010 kilitumiwa na wanawake 2 tu kati ya 100 walio kwenye ndoa.

Halafu bei ikaanguka. Baada ya mkutano wa London wa Julai 2012 kuhusu uzazi wa mpango, Bayer ilikubali kupunguza bei ya Jadelle kwa nchi maskini kutoka dola 18 hadi dola 8.50, kwa sharti kwamba wafadhili wangenunua nyingi. Mwaka uliofuata Merck, iliyokuwa imeinunua Implanon, ilifanya vivyo hivyo. Shehena zikaanza kufika. Wauguzi na wakunga wakafundishwa, timu za huduma ya mkoba zikaenda vijijini siku moja moja. Utafiti wa 2015 na 2016 ulikuta watumiaji wa kijiti ni 7 kati ya 100 walio kwenye ndoa. Ule wa 2022 ulikuta 14. Kijiti kikawa kimeipita sindano na kuwa njia ya kisasa inayotumika zaidi nchini.

Ongezeko la namna hiyo, ndani ya miaka 12, linawashangaza wanaodhani Mwafrika wa kijijini huogopa kitu kigeni mwilini. Mimi linanishangaza kidogo tu. Wanawake hawakukikubali kwa kuwa walishawishiwa na mabango. Walikikubali kwa kuulizana. Na maswali yao, ukiyasikiliza bila haraka, ni ya watu wenye akili timamu wanaopima mkataba.

La kwanza: hakitahama? Mama anayetwanga, anayebeba ndoo kichwani na kuni mgongoni, anataka kujua kama kijiti kitatembea hadi kwenye moyo. Jibu la kitaalamu ni kwamba kikiwekwa vizuri hukaa pale pale, na kuhama mbali ni jambo la nadra sana. Swali lenyewe si la kijinga, kwani watengenezaji wenyewe walikiongezea Implanon madini ya barium ili kionekane kwenye eksirei endapo kitapotea.

La pili ni la pwani hasa, na sijaona likipewa uzito wake katika vijitabu vya kliniki. Kijiti huvuruga hedhi. Wengine hukauka kabisa, wengine hupata matone matone kwa wiki nyingi. Kwa mwanamke Mwislamu wa Kibaha au Kisarawe hilo ni suala la sala na saumu. Akiwa na hedhi haswali. Matone yakiendelea siku 20, je, aache sala siku zote 20? Mwezi wa Ramadhani ukiingia? Sheria ya Kishafii, inayofuatwa na wengi pwani yetu, ina jibu lililoandikwa karne nyingi kabla ya Turku kuwa na kiwanda: hedhi haizidi siku 15, na damu inayozidi hapo huitwa istihadha. Mwenye istihadha huoga, hujisitiri, hutia udhu kwa kila sala ya faradhi na kuswali, na hufunga. Muuguzi anayeijua hukumu hiyo, au anayejua sheikh wa kumwelekeza mama kwake, amefanya kazi ya nusu saa ya ushauri. Asiyeijua humwambia mama kwamba ni maudhi madogo ya kawaida, naye huondoka akiwa na dhiki ambayo hakuna aliyeiandika kwenye kadi.

La tatu linaulizwa kwa sauti ya chini: nikitaka kitolewe, nani atakitoa? Hapo ndipo historia inapokuwa nzito.

Mwaka ule ule wa 1966, wakati Segal na Croxatto wanatoa wazo lao na wajenzi wa Nordiki wapo Kibaha, madaktari wa serikali ya Denmark walianza kampeni huko Greenland, kisiwa kilichokuwa chini yao. Hadi kufikia 1970 wanawake na wasichana wapatao 4,500, sehemu kubwa sana ya wanawake wa umri wa kuzaa wa kisiwa kizima, walikuwa wamewekewa kitanzi cha kuzuia mimba. Wengi hawakuulizwa. Wapo waliokuwa wasichana wa shule wa miaka 12 na 13, waliopelekwa hospitali wazazi wao wakiwa hawana habari. Jambo hilo lilinyamaziwa kwa nusu karne, mpaka redio ya Denmark ilipolifichua mwaka 2022. Agosti 2025 Waziri Mkuu Mette Frederiksen aliwaomba radhi wanawake hao kwa niaba ya taifa lake.

Nchi ile ile, miaka ile ile. Kibaha ilipata darasa na wodi, Greenland ikapata vitanzi kwa nguvu. Sisemi hivyo ili kuwahukumu walimu na wauguzi wa Kidenmark waliokuja Pwani, ambao wazee wengi wa Kibaha wanawakumbuka kwa wema. Nasema kwa sababu kifaa kilikuwa kile kile kilichotumika katika kliniki za dunia nzima, salama kwa wengi, na wanawake wa Copenhagen walikiomba wenyewe. Kule Greenland kikawa jeraha la taifa kwa kuwa wenye miili hawakuwa na sauti ya kukikataa wala mtu wa kumwambia kitoe.

Norplant nayo ilipita njia hiyo hiyo. Januari 1991, wiki chache baada ya kuidhinishwa Marekani, jaji mmoja wa California alimpa mama aliyetiwa hatiani kwa kuwapiga watoto wake sharti la kuwekewa Norplant ili asikae gerezani muda mrefu. Magazeti yakajadili kama maskini walipwe ili waikubali. Bangladesh na Indonesia, ambako maelfu waliwekewa kwa kasi ya kampeni, kulitoka malalamiko ya wanawake waliorudi kuomba itolewe wakaambiwa wavumilie, au hawakumpata mtu anayejua kuitoa. Marekani kesi za wanawake waliodai kuumizwa, wengi kwa sababu ya shida ya kutoa mirija ile sita, ziliichosha kampuni, na mwaka 2002 Norplant ikaondolewa sokoni kwao. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Imani ndiyo iliyokwisha.

Hapa kwetu imani ilijaribiwa kutoka juu. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwaambia wananchi waachane na uzazi wa mpango, na kwamba wanaoutumia ni wavivu wanaoogopa kulisha watoto. Siku chache baadaye Wizara ya Afya ilisimamisha kwa muda matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye televisheni. Huduma zahanatini hazikufungwa. Na ukilinganisha utafiti wa 2016 na ule wa 2022, utaona kwamba katika kipindi hicho hicho watumiaji wa kijiti waliongezeka mara mbili. Matangazo yalinyamaza, wanawake hawakunyamaza. Hilo kwangu ni ushahidi kwamba habari ya kijiti ilikuwa imeshahama kutoka redioni na kuingia kwenye ukili, kwenye mstari wa maji, kwenye msusi.

Mwaka 2021 likaja jaribio la aina nyingine. Chanjo ya Uviko-19 ilipokaribia, uvumi wa dunia nzima ulifika na simu za mkononi: ndani ya sindano kuna chipu ya kumfuatilia mtu. Januari mwaka huo Magufuli, akiwa Chato, alizitilia shaka chanjo hadharani. Baada ya kifo chake, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera Ikulu tarehe 28 Julai 2021, kuzindua matumizi ya shehena ya kwanza ya dozi zaidi ya milioni 1, huku Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, akihubiri kupinga hadi Bunge likamwita na kumsimamisha.

Hebu tulitazame jambo hilo bila kejeli. Watu wale wale ambao dada zao walikuwa na kijiti halisi mkononi, kitu kinachoshikika kwa kidole, waliogopa chipu isiyokuwepo ndani ya maji ya chanjo. Ni rahisi kuwacheka. Lakini kijiti kililetwa na muuguzi anayejulikana, kikaelezwa, kikaonekana kabla ya kuingizwa, na kikaahidiwa kutolewa. Chanjo ilikuja ghafla, kutoka mbali, ikipingwa jana na kusifiwa leo na serikali ile ile, na haiwezi kutolewa ikishaingia. Kwa mizani ya mama wa benchi la zahanati, tofauti hiyo ilikuwa na maana.

Wanaume wana vyao. Barabara ya Morogoro, inayoikata Kibaha, ni njia ya malori yote yaendayo bara, na Tumbi imepokea majeruhi wake kwa miongo mingi, kabla na baada ya bodaboda kufanya ajali kuwa za kila siku. Waliovunjika paja hupelekwa mara nyingi Muhimbili, kwenye Taasisi ya Mifupa MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Huko vyuma vinavyopitishwa ndani ya mfupa mara nyingi ni vya SIGN, shirika lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle huko Richland, Marekani, ambaye alibuni chuma kinachoweza kuwekwa bila eksirei ya chumba cha upasuaji, kwa ajili ya hospitali zisizo nayo. Vinatolewa bure. Sharti lake ni kwamba hospitali itume taarifa na picha za kila mgonjwa, na ufuatiliaji wake pia. Kijana anayelala wiki sita akivutwa mguu kwa uzito hahitaji kushawishiwa akubali chuma. Anachouliza ni kama kitatolewa, na lini, na kwa gharama ya nani.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza 2015, huweka vifaa vya kusukuma moyo ambavyo ni wajukuu wa kopo la Elmqvist. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2017 kuwawekea watoto wasiosikia vifaa vya ndani ya sikio. Wazazi walijitokeza wengi kuliko nafasi.

Nako Uswidi, tangu 2015, watu elfu chache wamejiwekea kiganjani chipu ndogo kama punje ya mchele, ili wafungulie milango ya ofisi, na kwa muda fulani kampuni ya reli ya nchi hiyo, SJ, iliikubali kama tiketi. Wengine wanaliona hilo kuwa mwanzo wa zama mpya. Waswidi wenyewe zaidi ya milioni 10 wanatumia kadi na simu, na chipu haijaenea. Mtu anayeweza kufungua mlango kwa ufunguo hana haja ya kukatwa ngozi, na sioni kwa nini binadamu wa Tangini angeamua tofauti na wa Stockholm. Wote wawili hukubali kitu mwilini pale kinapowatatulia shida inayowauma, na pale aliyekiweka anapobaki kuwa karibu.

Ukaribu huo sasa umepata ufa. Mapema 2025 Marekani ilisimamisha na kuvunja shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa vijiti vya Tanzania. Julai mwaka huo ikajulikana kwamba dawa na vifaa vya uzazi wa mpango vyenye thamani ya karibu dola milioni 10 vimekwama kwenye ghala huko Geel, Ubelgiji, na serikali ya Washington imeamua viteketezwe. Sehemu kubwa ilikuwa ya nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Kwa hesabu ya shirikisho la kimataifa ambalo UMATI ni mwanachama wake, fungu la Tanzania lilikuwa vijiti 365,100 na sindano zaidi ya milioni 1, zaidi ya robo ya mahitaji ya nchi kwa mwaka mzima.

Upungufu wa vijiti vipya unahesabika na unazungumzwa. Usiozungumzwa sana ni ule wa upande wa pili. Mama aliyewekewa Implanon mwaka 2024 muda wake unaisha 2027. Aliyewekewa Jadelle mwaka huo, 2029. Wengi wao waliwekewa na timu ya huduma ya mkoba iliyokuja kwa gari la mradi na kuondoka jioni. Kukitoa hakuhitaji shehena kutoka ng'ambo. Kunahitaji ganzi, kisu kidogo, koleo, glovu, na muuguzi aliyefundishwa ambaye hajahamishwa, kwenye zahanati ambayo mama anaweza kufika kwa nauli aliyonayo, na ambaye hatamwuliza kwanza kama mumewe anajua.

Kwenye kadi yake, chini ya tarehe ya kuweka, kuna mstari wa tarehe ya kutoa. Umeshajazwa mwaka.